Gunia la Viazi Lenye Uzito wa Boti

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umeingia mpaka ndani ya duka.

Nimefungua mlango nusu. Jumapili hakuna anayekuja kutoa fotokopi, lakini kompyuta iko huku na leo lazima niandike ujumbe. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na bado vidole vinauma kwa baridi. Moyo nao haujatulia, na sina nguvu ya kujifanya umetulia.

Wakala wetu wa Dar es Salaam amesema kontena linafungwa kesho asubuhi huko China. Nisipomwambia leo ni boti gani, itabidi tusubiri kontena jingine, na hilo hata yeye hajui litapakiwa lini.

Ndiyo, boti. Mimi mtoto wa milimani, nisiyejua kuogelea, nimekuwa nikisoma habari za boti mpaka naziota. Ni zile ndogo za plastiki za kuvulia samaki, za mtu mmoja, unakaa kwenye kiti na kukanyaga pedali kama za baiskeli, na chombo kinakwenda. Wenyewe wanaziita kayaki. Nyingi bei zake ni za kuchekesha, ukitaka kucheka. Tulitafuta za bei ya chini kabisa, zile wanazosema ni za mtu anayeanza.

Si yangu. Ni ya Hoza, mdogo wangu.

Kwa asiyetujua: Hoza alikuwa mfanyabiashara wa mboga. Alikuwa anasafiri juu ya lori la kabichi kuelekea Tanga, kama wanavyosafiri wote. Lori likapinduka kwenye kona za chini ya Soni. Wenzake wawili walizikwa. Yeye alitoka hai, na mkono wa kushoto ukatoka naye, ila haukurudi kazini. Ukiuangalia ni mzima, vidole vyote vipo, lakini hausikii chochote. Anaufunga kwa kanga ya mama ili usimpigepige akitembea.

Mashamba yetu yanataka mikono miwili. Ukishika jembe kwa mkono mmoja kwenye ule mteremko, unaishia kwa jirani wa chini. Mkewe alivumilia, alivumilia kweli, kisha akachukua mtoto akarudi kwao Malindi, ya huku huku milimani. Nasema simlaumu. Halafu nikikutana naye sokoni naangalia nyanya.

Kuna kipindi Hoza alikuwa anakaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka jua linazama. Haongei. Mama alificha kamba zote za kufungia mbuzi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kilichomtoa pale ni bwawa.

Liko huko chini, nyikani, ukishashuka Mombo. Rafiki yake mmoja alimpeleka kumliwaza, akakutana na mvuvi wa Kizigua mwenye mtumbwi wa mti. Mzigua akampakia. Hoza akatupa mshipi, akavuta perege wake wa kwanza, akaushika uzi kwa meno huku anamtoa samaki ndoana kwa mkono mmoja. Jioni alirudi ananuka matope na anaongea. Mama alimpikia bada, ugali wetu wa muhogo, akala, akaongeza.

Tangu hapo anashuka karibu kila siku na malori ya mboga na kurudi nayo jioni. Lakini kupiga kasia hawezi. Lazima Mzigua amwendeshe. Mzigua amempa jina la "bibi harusi", kwa vile kazi yake ni kupakiwa tu. Hoza alitusimulia hilo anacheka, halafu akaacha kucheka katikati.

Ndipo mimi, hapa hapa dukani, nikakutana na picha ya mtu anaendesha boti kwa miguu, mikono yote iko kwenye samaki. Nikapiga kelele mpaka mteja akashtuka. Miguu Hoza anayo! Ni miguu ya Kisambaa, imepanda milima hii tangu haijakomaa.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa anapanga foleni kwenye duka la kijiji kwa ajili ya kipande cha sabuni, na wakati mwingine anarudi bila. Leo nakaa kwenye ukungu wa Lushoto naagiza boti China. Uchumi umefunguliwa, kila kitu kinapatikana. Mkono tu ndio haupatikani.

Basi tukabakiwa na boti tatu. Nyekundu ilitoka mapema, maana usukani wake ni kijiti kidogo kilichofungwa upande wa kushoto na hakihamishiki. Zikabaki mbili.

Ya njano ni nyembamba na nyepesi. Ina mapezi mawili chini yanayopiga maji ukikanyaga. Ya kijani ni pana kama mlango, ina pangaboi, ukikanyaga kinyume inarudi nyuma, na usukani unauhamishia mkono unaoutaka. Ni nzito karibu mara mbili ya ile nyingine. Bei hazipishani sana.

Nimesoma walioandika kuhusu ya njano. Inakwenda vizuri, wanasema, ila usigeuke ghafla kuangalia nyuma. Ukiinama upande mmoja inakwenda na wewe. Nikafikiria mtu anayevuta samaki kwa mkono mmoja anainama vipi.

Jana nilipanda nyumbani na picha zote nimezitoa kwa rangi. Nyumba yetu iko juu ya barabara, mwendo wa kupumzika mara mbili kama una mzigo. Nilimwamkia mama shikamoo, na kabla sijakaa aliuliza jambo moja tu.

"Inabebeka?"

Hapa lazima nieleze. Sisi watu wa huku hatulali nyika. Unashuka asubuhi, unauza, unanunua chumvi na dagaa wako, jioni unapanda. Kule kuna joto, mbu na homa. Wazee walikuwa wanasema hivyo na sisi tukawa tunacheka, mpaka zamu ya baba. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko chini. Shamba likauzwa kwa mtu binafsi, wakapunguzwa, yeye akabaki kambini anangoja kuitwa tena. Hakuitwa. Walimpandisha kwa machela, anatetemeka na midomo imepauka, na hakumaliza wiki. Tangu siku hiyo mama ameweka sheria: hakuna mtoto wake atakayelala nyika. Na sheria hiyo imeingia mpaka kwenye vyombo. Boti ikilala kule, alisema, na mwenyewe atalala kule kuilinda.

Kwa hiyo boti ipande kila jioni. Lori litaileta mpaka barabarani, na kutoka barabarani Hoza ataibeba kichwani.

Mjomba Kupaza akasema tusibishane kwa maneno. Mjomba alikuwa anapima majani ya chai upande wa Bumbuli mpaka alipostaafu, na mizani yake ya kuning'iniza bado anayo. Akaitundika kwenye boriti ya banda la mbuzi. Wakajaza gunia viazi mpaka likafikia uzito wa boti ya njano, wakalishusha barabarani, wakamvisha Hoza ngata kichwani, wakamtwika.

Akapanda. Mkono mmoja umeshika gunia, mwingine umefungwa kifuani. Mama alikuwa nyuma yake na mikono ameinyoosha, kama unavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea. Kwenye migomba ya jirani aliteleza, goti likapiga chini, gunia halikuanguka. Alipofika uani mama alipiga kigelegele. Nilikuwa sijamsikia akipiga kigelegele tangu harusi ya Hoza mwenyewe.

Halafu, hapo hapo uani, mjomba akaongeza viazi mpaka uzito wa boti ya kijani. Hoza alipiga hatua chache, shingo ikatoka mishipa, gunia likaegemea upande wa mkono usiofanya kazi, likaanguka na kupasuka. Viazi vikabingirika matuta yote mpaka kwa jirani wa chini.

"Basi," mama akasema. "Ni ya njano."

Mjomba akaitikia, majirani wakaitikia. Kikao kizima cha kuchagua boti, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za maji. Na mimi niliyezisoma nilikuwa naokota viazi.

Hoza alinisindikiza barabarani. Tulipofika chini ndipo aliposema.

"Dada, agiza ile ya kijani."

"Si umeona imekushinda?"

"Kuibeba ndiyo imenishinda. Kuikalia haitanishinda."

"Nani ataipandisha jioni, wewe Hoza?"

"Haitapanda." Akaanza kuifunga upya ile kanga ya mkono, kwa meno na vidole, nami nikajizuia kumsaidia maana hapendi. "Yule Mzigua ana chumba cha pembeni. Nimeshakiona."

Nilimwambia habari za baba. Akasema anazijua, yeye ndiye aliyeshika mguu mmoja wa machela. Nikamwambia habari za mama. Akaikaza kanga fundo la mwisho. Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo.

"Huku juu, dada, kila anayeniona ananipa pole. Kule kinachonipungukia ni boti tu."

Nikamuuliza, mama ataambiwa na nani? Akasema yeye mwenyewe. Nikamuuliza lini, na gari la kunirudisha mjini likaja.

Nimekaa hapa tangu asubuhi. Ujumbe ni wa neno moja na nimeufuta mara nyingi.

Nitasema ukweli kwa kuwa ni kwenye maandishi haya tu ninaposema yangu. Nilitaka kuagiza ya njano. Ningemwambia Hoza kwamba ya kijani imeisha, angejuaje? Angelalamika, angezoea, na kila jioni angekuwa anapanda na boti yake kichwani, mama anamsubiri juu na uji. Na mimi nisingebaki peke yangu na mama kila nikipanda kwenye ile nyumba. Nimeandika "njano" kabisa. Nimeiangalia.

Kisha nikamwona ameinama upande mmoja, kwenye maji, hajui kuogelea, na mkono mmoja.

Nyika inaweza kumuua kama ilivyomuua baba, sijidanganyi. Chandarua nitamnunulia, dawa siku hizi zipo, lakini na baba alikuwa na blanketi zuri na vidonge vyake. Ya njano ingembakisha kwetu, na ingemzamisha. Ya kijani inampeleka mbali na sisi, na huenda akaishi. Nimekasirika kwamba ni mimi ninayeshika hili, mimi na kompyuta ya kutolea fotokopi. Mama amezaa, mjomba amepima, mimi ndiye ninayeandika.

Nimeandika "kijani". Nimetuma.

Wakala amejibu "sawa dada", akaweka na picha ya kidole gumba. Hivyo tu. Nililia kidogo, kisha nikafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Nilikuwa nafunga duka simu ikaita. Ni mama, kwa simu ya jirani, anapiga kelele kama kawaida yake, utadhani sauti inatakiwa ifike Lushoto kwa miguu. Amefurahi. Anasema tangu alfajiri wamefanya kazi yeye na mjomba. Mbuzi amewahamishia jikoni kwake. Banda amelifagia na kulisiliba udongo upya. Mjomba amepima kwa kamba ule urefu niliowatajia, akaona boti itagusa ukuta, wakautoboa ukuta wa nyuma ili ilale imenyooka. Ameshatandika na majani makavu ya migomba, plastiki isichubuke.

Nikamuuliza, Hoza yuko wapi?

"Yupo," akasema. "Ndiye aliyeshika tochi kule ndani."

Hakumwambia. Ameshika tochi.

Mama akaniuliza kama nimeagiza. Nikasema nimeagiza. Akauliza ile njano yake ni njano ya vipi, ya alizeti au ya ndizi, maana anataka kutafuta kitenge cha kuifunika kinachofanana nayo.

Nikamwambia ya ndizi, mama. Ndizi mbivu.

Kontena litakaa baharini muda mrefu. Muda wote huo mama atalala na mbuzi jikoni, anakohoa kwa harufu ya kinyesi chao, na banda litakuwa safi na tupu. Nani kati yetu atamwambia awarudishe bandani?