Siku Moja ya Mzee Nyamhanga Dar es Salaam

Zahanati, Genkuru,
Tarime.

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au umempa jirani kama kawaida yako? Baba naye nampa shikamoo yake, aipokee asiipokee. Sisi tupo. Mjukuu wako Bhoke ameng'oka jino la pili la mbele na kila anayepita anaonyeshwa pengo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo sindano ni mimi, kliniki ya watoto ni mimi, kufagia ni mimi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, wa mwisho ameondoka sasa hivi, na miguu imevimba mpaka viatu nimevivua.

Najua utasema si ungepiga simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu, na Baba yuko pembeni anajifanya anasikiliza redio. Barua hii anakuletea mwalimu mmoja wa hapa anayekwenda kwao Temeke. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Neema akusomee, mdomo wa mdogo wangu unaujua.

Habari yenyewe ni hii: Mzee Nyamhanga, baba mkwe wangu, anakuja Dar es Salaam. Siku moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Anasema anataka kuona bahari na meli kabla macho hayajamwisha. Tunakuja naye mimi na Bhoke.

Mwanzoni nilicheka. Mzee ambaye safari yake ndefu ni mnadani, na Musoma mara moja! Lakini hatanii. Na usishangae kwamba ni siku moja. Huku mkamwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawakai benchi moja, wala mzee halali kwenye nyumba anayolala mkamwana wake. Vijana wa sasa wameanza kulegeza, yeye hajalegeza hata kidogo. Tangu niolewe hajawahi kuniambia neno uso kwa uso. Siku hizi tunazungumza kwa mdomo wa Bhoke, mtoto kasimama katikati yetu uani.

"Mwambie mama yako, maji ya huko ng'ombe anakunywa?"

"Mama, Babu anasema maji ya huko ng'ombe anakunywa?"

"Mwambie Babu hayanyweki, ni chumvi tupu."

Mzee akaguna. "Sasa maji mengi hivyo ya kazi gani?"

Hilo Bhoke hata hakujisumbua kunifikishia. Siku nyingine akauliza ng'ombe wanapandaje meli, maana amesikia wanapakiwa wakiwa hai kupelekwa nje ya nchi. Nikamjibu kwamba bandarini hatutaruhusiwa kuingia. Akasema hakuna shida, tutasimama nje, kwani hata mnadani si huwa anasimama nje.

Nimepanga hivi, nawe unirekebishe, maana Dar nimeiacha miaka tisa. Tukishuka Mbezi asubuhi, moja kwa moja Kivukoni. Tutembee taratibu aone meli zikiingia, Bhoke naye ale mihogo ya kukaanga. Soko la samaki sitampitisha, akimwona pweza anaweza kugeuza safari papo hapo. Kisha tupande pantoni, tuvuke, tufike nyumbani kabla ya saa sita. Ale chakula cha mchana, apumzike kibarazani, halafu tumpeleke ufukweni akanyage maji. Saa tisa lazima aondoke, basi lake ni la jioni. Alitaka kumletea Baba mbuzi mzima. Nimebishana naye siku tatu kupitia kwa Bhoke mpaka mtoto akachoka akaenda kucheza. Sasa amekubali alete unga wa mtama na asali.

Kazi ipo kwenye hicho chakula. Mzee hawezi kula mbele yangu, wala mbele yako wewe mama mkwe wa mwanawe. Inabidi atengewe na Baba, wao wawili, sinia moja, sisi wanawake tuwe jikoni. Na Baba ameshasema mara ngapi kwamba hana la kuzungumza na mtu huyo.

Mama, acha niseme. Mume wangu Chacha alipokufa na ile pikipiki, mzee alizuia mazishi ya mwanawe siku mbili. Kaburi limechimbwa, watu wamejaa, yeye anasema wakwe zangu wa Dar hawajafika. Mimi nampigia Baba, hapokei. Siku ya tatu mzee akasimama akasema kwa sauti, "Wakwe zangu wamekwamishwa na njia. Tuzike." Njia! Mimi na wewe tunajua Baba alikuwa amekaa barazani kwake, bado ana hasira kwamba niliolewa mbali. Mzee naye alijua. Alinisitiri mbele ya ukoo mzima. Na wazee walipokaa wakataka nirithiwe na shemeji yangu Marwa, yeye ndiye aliyekataa, akasema mji wa Chacha, mke na mtoto wake, usiguswe.

Kila ukipiga simu unaniuliza nitarudi lini jumla, nami nanyamaza. Unadhani nina kiburi. Ni Bhoke, Mama. Mahari ilitoka, kwa hiyo kwa desturi ya huku mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Nikitaka kuondoka hakuna atakayenifunga kamba, lakini naondoka peke yangu. Ndiyo maana miaka miwili hii nimekaa. Nataka kurudi nyumbani mpaka usiniulize. Nataka nilale kwako, mtu mwingine aamke aniwekee maji ya kuoga.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi. Mzee alitangulia Tarime mjini na Bhoke kukata tiketi, mimi nikafuata nilipomaliza wagonjwa. Karani wa basi akanionyesha alivyoandika: kwenda watu watatu, kurudi mtu mmoja. Nikamjia juu. "We mura, huoni kwamba tuko watatu? Safari ni ya siku moja, wote tunarudi!" Yule kijana akaniangalia kwa huruma.

"Dada, mimi nimeandika alivyosema mzee. Nimemuuliza mara mbili."

Nikatoka nje. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo, Bhoke anamvalisha kofia.

"Mwambie mama yako karani hajakosea," akasema.

Bhoke akageuka. "Mama, karani hajakosea."

"Mwambie nitazungumza na baba yake mwenyewe, mkwe kwa mkwe. Ukoo nimeshawaambia. Mtoto atafuata mama yake."

Bhoke akanifikishia lote, neno kwa neno, kama vile mimi sikusikia, na kama vile anayezungumzwa si yeye. Mama, nililia pale stendi mbele ya wapiga debe, na siwezi hata kumshika mzee mkono nikamwambia asante. Nikampa Bhoke ile asante ampelekee. Mzee akaitikia kwa kichwa, akauliza kama kuna mahali wanauza chai.

Mwenzangu anarudi kazini kabla ya hapo, likizo ninayo, na uhamisho nitauomba nikiwa huko. Nisalimie Shangazi Zawadi, mdai mkubwa wa habari za Mara, na Mjomba Baraka aliyesimama badala ya Baba siku ya mahari. Neema mwambie aniachie upande wa ukutani wa kitanda.

Na Baba mwambie hivi, maneno yangu mwenyewe usiyapunguze. Jumamosi hiyo asitoke. Anawe mikono, akae na mkwe wake, wale. Mzee Nyamhanga akiachwa kula peke yake kwenye nyumba yetu, nitakata tiketi nyingine mbili jioni ileile, mimi na Bhoke, turudi naye.

Ni mimi mwanao,
Rehema