Sisimizi Pembeni mwa Moyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na cherehani haikusumbui. Sisi huku ni wazima. Wajukuu wako wanakua, mkwe wako anakoroma kama kawaida.

Mama, mpaka sasa mwili unanisisimka. Unajua mwaka huu nafundisha baiolojia darasa la mtihani. Somo la moyo lilikuwa limewapiga chenga wote, hadi nilipowapa mchoro wa zamani ambao walimu tumerithishana, nakala ya nakala, bila jina la mtu. Wakaelewa! Wakauchora wote, pamoja na kidoa cheusi cha pembeni. Mmoja akaniuliza kidoa hicho kinasukuma damu kwenda wapi. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Nikaamua kutengeneza kijitabu, wanafunzi wangu wapate na shule za jirani zipate. Mkutubi wetu akanikuta kwenye mashine ya kunakili, akanizuia. Alisema sheria yetu inamruhusu mwalimu kunakili mchoro mmoja au kurasa chache kwa ajili ya somo, mradi amtaje mwenye kazi. Lakini kutengeneza kijitabu na kukisambaza ni jambo jingine, hapo lazima mwenye kazi aombwe. Nikamwambia mwenye kazi hajulikani. Akanijibu kwamba kutojulikana si ruhusa. Nilinuna, Mama, unanijua. Mtihani ulikuwa unabisha hodi.

Tukaanza kutafuta. Mkutubi akaupata kwenye kitabu kilichochakaa, nyuma ya rafu: moyo ule ule, ila safi, kila mshipa kama unapiga. Nikasahau kununa. Kitabu hakikumtaja mchoraji, kwa hiyo nikawapigia simu waliokichapa. Mzee mmoja akaniambia michoro ile haikuwa mali yao. Msichana aliyeichora aligoma kuiuza, akawaruhusu waitumie kwenye kitabu kile tu. Jina lake lilikuwa limemtoka kichwani, lakini wote kazini walimwita Sisimizi, kwa sababu ya alama yake.

Nikarudi kukitazama kile kidoa. Alikuwa sisimizi, Mama, kichwa ameinamisha, yule yule uliyekuwa ukitutarizia kwenye kola za sare ili zisipotee.

Miaka yote hii nafundisha kwa mkono wako bila kujua! Na sisi tulidhani unajua kushona tu. Sikuulizi kwa nini ulinyamaza, utanieleza ukipenda.

Kwa hiyo barua hii naandika kama mwalimu kwa mwenye kazi. Naomba ruhusa yako niuchape moyo huo kwenye kijitabu, sisimizi akiwa pembeni na jina lako kamili chini yake. Ukikataa nitakubali, watoto watauchora kutoka ubaoni.

Nisalimie kaka na wifi, na jirani wa mlango wa pili. Nangoja jibu lako kwa hamu isiyo na mfano.

Mwanao, kitindamimba wako,
ambaye hakupoteza sare hata moja.