Majina ya Ubatizo Peke Yake

Woodley, Nairobi
Jumatano, alasiri

Kwa Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Ni mimi binti yako Debora, na kabla Mama hajakuuliza, mwambie mimi ni mzima, sijapigwa wala sijafukuzwa nyumbani. Nanyi mko aje huko Kitui? Goti la Mama linamruhusu kupiga magoti kanisani, au bado anaomba akiwa ameketi na kuwaona wote wanaosinzia? Na mbaazi je, mmevuna, ama tumbili wamewatangulia tena mwaka huu? Nauliza haya mapema kwa sababu nikishaanza habari za huku sitaweza kurudi kwenye mbaazi.

Barua inaletwa na Josia, mtoto wa shangazi, ambaye anapanda basi kesho alfajiri. Kredi ya simu imekosekana madukani, na hata ingekuwepo, wewe ukishika simu huwa unapaza sauti mpaka soko zima linajua nimekula nini. Mambo haya si ya soko. Isome na Mama tu, Baba, nakuomba.

Naogopa. Afadhali niliseme wazi, maana ulitulea tuseme ukweli. Tangu matokeo ya kura yatangazwe, moshi hauishi upande wa Kibera, na upepo ukigeuka inabidi niondoe nguo kwenye kamba. Kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi, pale Hurlingham, ilifungwa wiki nzima, na sasa imefunguliwa lakini hakuna mgonjwa. Inaonekana jino haliumi mtu akiwa na hofu. Juzi nilitembea kwa miguu mpaka mjini kutafuta unga. Maduka yamefungwa kwa mabati, wachuuzi hawapo, na askari wamezunguka Uhuru Park. Kwenye foleni mama mmoja aliniuliza, "Kwani wewe ni mtu wa wapi?" Swali hilo nimeulizwa hapa Nairobi miaka yote na nikalijibu nikicheka. Juzi nilijifanya sikusikia.

Katika barua yako uliniagiza nisimame na kanisa. Ulisema nchi imemwacha Mungu, viongozi wanataka sheria za kuruhusu mimba kutolewa, wazazi wanaogopa watoto wao, na kwamba haya yote ni fimbo. Mimi naamini ulivyonifundisha, usifikiri mji umenigeuza. Lakini kuna jambo sijakuambia. Kabla ya kura mchungaji wetu alisimama akasema Mungu amekwisha kumchagua mtu wake, ila hakumtaja. Kanisa zima tukasema amina kwa nguvu. Mimi nilikuwa nafikiria mtu wangu. Aliyeketi kushoto kwangu alikuwa na wake, na wa kulia wake, na sote tulirudi nyumbani tukiwa na furaha.

Tena tukafunga siku ishirini na moja kuombea taifa. Unajua mimi ndiye mwandishi wa ushirika wetu wa nyumbani, kwa ajili ya huu mwandiko ulionichapia viboko. Mchungaji alitoa wazo, nasi tukaliona zuri sana: kila mtu aombee wilaya ya mwenzake badala ya kwao. Nikachukua daftari jipya la kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula. Jina lote, nambari ya nyumba, simu, na mwisho "Nyumbani ni wapi". Watu hamsini na wawili, ukurasa baada ya ukurasa, kwa wino wa buluu. Nilijisifu moyoni jinsi lilivyopendeza, na huenda ndipo nilipokosea.

Mimi nilipewa wilaya anakotoka Mama Roza, mshonaji wa nguo anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sitaitaja hapa. Yeye akapewa Kitui. Kitui hajawahi kuiona, lakini aliiombea mvua kwa bidii, na uliponiambia imenyesha nikampelekea habari, alicheza pale mlangoni na cherehani ikabaki imemeza kitambaa. Mvua mliyopandia mbaazi, Baba, aliyefunga akaiombea ni yeye.

Sasa sikiliza. Jana saa kumi Mzee Eliya alikuja kwangu. Huyu ni mzee wa kanisa, ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu nilipougua homa ya matumbo, nawe ulimtumia asali. Alikuja na wanaume wawili nisiowajua. Hawakuvua kofia.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina, mzee. Karibuni chai."

"Hatukai. Ni ile kitabu ya maombi tumekujia."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kulinda watu wetu. Tukijua nani anakaa wapi, tutajua mahali pa kuweka vijana."

"Watu wetu wa kanisa?"

Mzee Eliya akatazama sakafu. Mmoja wa wale wawili ndiye aliyejibu. "Watu wetu, sista. Si unaelewa?"

Daftari lilikuwa mezani, hatua mbili kutoka mkononi mwake. Lilikuwa chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe yangu ya jioni, kwa maana jalada lake ni gumu na mimi huwa naweka sufuria za moto juu yake. Utanisamehe. Nikasema, "Iko job, mzee. Nimeifungia kwa drawer."

"Basi kesho kutwa saa nne tunakupitia twende nayo Hurlingham," akasema Mzee Eliya. Nilimwomba awasalimie nyumbani, akaitikia. Nilipofunga mlango nilikaa chini kwenye sakafu na mwiko mkononi.

Nimedanganya, Baba. Wewe ulinichapa kwa kijiko kimoja cha sukari nilichokikana, na jana nilimdanganya mzee wa kanisa machoni. Tena sijui kama alikuja kwa ubaya. Huenda kweli anataka kuwalinda wote, na mimi nimewanyima ulinzi watu hamsini na wawili. Huenda naye ameletwa kwa nguvu. Nimeligeuza usiku kucha na sijapata jibu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ningekuwa najua ni adui, ningeogopa kidogo.

Asubuhi nilipita uani nikamwambia Mama Roza aondoke. Hakuacha kushona.

"Niende wapi?"

"Kwa dada yako. Popote."

"Debora, mimi nimekaa njaa siku ishirini na moja nikiombea kwenu. Sasa nikimbie nani?"

"Jina lako liko kwa kitabu, na nyumba yako, na kwenu."

Hapo mguu wake ukatulia kwenye cherehani. Alinitazama, akaniuliza, "Na lako si liko ukurasa wa kwanza?" Kisha akaanza kukunja nguo za wateja moja moja, zile ambazo hazijaisha pia, na kuandika karatasi za kuonyesha ipi ni ya nani. Alipoanza kuandika jina nilimshika mkono. Tulicheka, halafu tukalia.

Nilirudi nikachukua mkasi. Niliona nikikata ile safu ya mwisho tu, ya nyumbani, daftari litakuwa salama na maombi yetu yatabaki. Nimekata kurasa tatu, kisha nikasoma zilizobaki. Baba, hakuna haja ya safu. Jina la pili linasema kila kitu. Mtu akisoma la kwangu anajua mpaka mto tunaochota maji. Niliandika vizuri mno.

Kwa hiyo nimelichoma lote kwenye jiko, ukurasa mmoja mmoja, na muthokoi wa leo umeivia hapo. Kabla ya kulichoma nimenakili majina ya ubatizo peke yake, kwenye karatasi utakayoikuta ndani ya bahasha hii. Petro wako wanne. Ruthu wako watatu. Naomi, Yakobo, Marta. Ukiwa madhabahuni waombee hivyo hivyo, na usiulize ni Petro yupi. Mungu anawafahamu. Mama Roza nimemwandika kwa lile alilobatizwa nalo, nawe hutamtambua, nami nafurahi kwamba hutamtambua. Ila mtu wa hapo kanisani akianza kusema watu fulani wafukuzwe, kama ulivyonieleza wanasema, mwambie aliyefunga na kutuombea mvua ni mmoja wao.

Msalimie Mama, na asijaribu kuja. Msalimie Susu, bibi yangu mpendwa, mwambie shuka aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Msalimie kaka Mutua fundi wa baiskeli, na mkewe aliyejifungua, na mwalimu wa kwaya aliyesema sauti yangu haifai. Shangazi mwambieni Josia amenitunza, ingawa mimi ndiye niliyempikia.

Josia amefika, anagonga, na nimemchungulia kwanza ndipo nikafungua. Basi litawafikishia barua hii kesho jioni. Mzee Eliya anakuja kesho saa nne asubuhi, na nimeamua kumwambia ukweli, kwamba nimelichoma, na kwamba majina hayo sitayaandika tena. Nilitaka kukuomba uniombee kwa saa hiyo, kisha nikaona haiwezekani. Omba hata hivyo, Baba. Utakapofika kwenye mstari huu, mimi nitakuwa nimekwisha kufungua mlango.

Ni mimi binti yako,
Debora. La pili unalijua, wewe ndiye uliyenipa.