Mavi ya Kondoo Kwenye Friza ya Wakwe

Shosti, shika simu! Nimeumbuliwa mbele ya ukoo mzima!

Si unakumbuka friza ya maabara iliharibika, mchumba wangu akasema niweke sampuli zangu kwao? Leo mama yake kafungua atoe nyama ya wageni, akaibuka na mfuko wangu. "Hiki nini?"

Nikamjibu: mavi ya kondoo, mama.

MAVI. Sebule nzima ikanigeukia.

Nikaeleza kwa adabu zote. Tunapima madini ya magnesiamu yaliyo kwenye chakula cha kondoo, tunapima yaliyotoka na mavi, ndipo tunajua tumbo limefyonza kiasi gani. Likifyonza kidogo mno, kondoo anayenyonyesha anaanguka, anatetemeka, anakufa. Shangazi mtu akacheka mpaka akapaliwa.

Nikamgeukia mchumba wangu anitetee. Unajua kasema nini? "Hata mimi sijui kaweka nini humo."

Hajui! Mifuko kaibeba yeye, kwa mikono yake, kutoka kwenye gari! Eti hajui!

Mama mtu akamalizia: "Katupe huko, unawe, uje tule."

Situpi ng'o! Niko kwenye teksi, mavi yangu nimeyapakata. Pete nimeiacha kwenye friza, palepale mifuko ilipokuwa. Wakimuuliza ni nini, aseme hajui.