Mihogo Tuliyoiacha Mtoni

Lipingo, Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, hata yatakayokuuma.

Tuliendelea kuloweka mihogo palepale kijitoni. Nilidhani baada ya mazishi ndugu watahama pale. Walisema ni mapenzi ya Mungu, wakaosha vyungu, na wiki iliyofuata magunia yalikuwa yamerudi majini, yamefungwa kwenye mzizi uleule. Mungu hakukutuma mtoni, Mama. Tulikuwa wawili tu, na nilikuwa nimekuonya.

Unakumbuka? Kwetu jua lilikuwa linawaka, ila juu kwenye milima ya Umatengo mawingu yalikuwa yamefunga, radi zinanguruma. Nilikuambia Mwalimu amesema mvua ikinyesha milimani, mito ya huku chini hujaa hata kama sisi hatujalowa. Ukacheka.

"Mwalimu wako anakula ugali wa chaki?"

Na mimi nikacheka. Nilikuwa ukingoni na gunia la kwanza, wewe umeinamia la pili, maji yalipokuja mekundu kama matofali, na magogo ndani yake. Gunia langu lilianikwa, likasagwa, wakalila siku ya kumaliza matanga yako. Mimi sikuonja.

Juzi mchana milima ilinguruma tena. Mama mdogo, anayetulea sasa, akachukua beseni, akaniita tukaopoe mihogo haraka. Nikamshika kanga. Akanivuta, nikakaa chini, sikuachia.

"Mama yako hakukufundisha utovu huu wa adabu," akasema.

Hilo liliniuma kuliko kofi. Kanga ikachanika. Tulikuwa bado tunavutana uani tuliposikia mto unakuja.

Magunia yote matatu yamekwenda ziwani. Siku mbili tumelala na uji mwepesi, na mama mdogo hajasema kwamba nilikuwa sahihi. Sidhani kama atasema. Lakini leo alfajiri nimemkuta nyuma ya nyumba anajaza maji kwenye pipa, rundo la mihogo liko miguuni pake. Hakunitazama. Alisema tu nilete kisu nimsaidie kumenya.

Pumzika, Mama. Mimi mwanao Skola naahidi: milima ikinguruma, hakuna wa nyumba hii atakayekanyaga mtoni maadamu nina mikono ya kumshika.

Ila nijibu hili, hata kwa ndoto, na usikawie: siku ile, kama nisingecheka, bali ningeishika kanga yako, ungebaki?