Sweta la Baba Mkwe

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo umeiandika mwishoni, baada ya habari za sweta. Huku Magu tu wazima, na mjomba wako kavuna mpunga. Sufu hufuliwa kwa maji baridi, haikamuliwi, na huanikwa kivulini juu ya taulo. Mbona hukuuliza kabla ya kulichemsha?

Hata mimi nililichemsha la baba mkwe, nikiwa na miezi minne tu ya ndoa. Kwetu Usagara tulilima pamba na tukavaa pamba, na pamba unaichemsha, unaipiga juu ya jiwe, unaikamua. Nikalifanyia sweta vivyo hivyo, tena kwa majivuno. Likatoka dogo na gumu kama ngozi. Nikajua leo narudishwa kwa baba yangu.

Mama mkwe alilinyanyua, akaligeuza huku na huku.

"Umelichemsha?"

"Ndiyo mama. Shikamoo mama."

Hakucheka. Akaliweka tumboni kwangu, akalipima.

"Basi limepata mwenyewe," akasema, akarudi kupepeta mchele wake.

Neema, mimba ile sikuwa nimemwambia mtu, hata babu yako. Alijuaje? Alinisamehe au alinisuta? Nimefua miaka yote hii nikijiuliza, na mpaka leo sielewi.

Aliyelivaa ni mama yako. Na wewe la kwako usilitupe kwa aibu. Lilete hapa, tutalitafutia mwenyewe.

Bibi yako