Siku Niliyopewa Mtoto Ulyankulu

Mjukuu wangu Zuhura, marahaba. Sisi hapa Tabora hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna karanga.

Umeniuliza utaanzaje kujitolea ugenini na lugha ya huko huijui. Nikiwa msichana nilikwenda Ulyankulu kuwafundisha ushonaji akina mama waliokimbia Burundi. Siku ya kwanza hakuja mtu. Nikatoka, nikamkuta mama mmoja analima na mtoto mgongoni. Nikanyoosha mikono. Aliweka jembe chini, akanipa mtoto, nikambeba mpaka jioni.

Kesho yake alikuja na wenzake. Akaninyooshea kidole, akawaambia kwa Kiswahili chake kidogo, “Huyu shangazi wa mtoto.”

Mtoto yule ni mzee mwenzangu sasa. Jana alipita kuniuliza, “Shangazi, Zuhura anaondoka lini? Nataka kumsindikiza.”

Bibi yako akupendaye,
Mwajuma